Waya Mwembamba, Mahitaji Mengi: Nani Akatiwe Umeme, na Tuhesabu Nini

Mwezi Machi 2025, akiwa Same mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaeleza wananchi kwamba Tanzania ingenunua umeme kutoka Ethiopia, ukipitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Watu wengi walishangaa, na mshangao wao ulikuwa na msingi. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, lilikuwa limeanza kuzalisha tangu Februari 2024, na uwezo wa mitambo iliyounganishwa kwenye gridi ya taifa ulikuwa umekwisha kuyapita mahitaji ya juu ya nchi. Kwa nini basi nchi yenye ziada inunue kwa jirani? Jibu lililotolewa lilihusu njia: umeme unaozalishwa kusini husafiri mbali mno hadi kufika Arusha na Kilimanjaro, sehemu yake hupotea njiani, na upotevu huo ulitajwa kuwa unaligharimu Shirika la Umeme, TANESCO, takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Katika mjadala uliofuata mambo mawili yalichanganywa ambayo yanafaa kutenganishwa. Kukosa umeme ni jambo moja. Kukosa njia ya kuupitisha umeme uliopo ni jambo jingine, na dawa zake hazifanani. La kwanza hutibiwa kwa mitambo. La pili hutibiwa kwa nyaya, transfoma na vituo vya kupoza umeme, vitu ambavyo uzinduzi wake hauvuti umati kama uzinduzi wa bwawa, na ambavyo kwa sababu hiyo huwekwa nyuma bajeti inapobana. Tena, njia ikiwa finyu na mahitaji ya upande wa pili yakaizidi, lazima kuna atakayepunguziwa. Makala hii inaeleza jinsi msongamano huo unavyotokea, na zaidi ya hapo inashughulika na swali ambalo halijadiliwi vya kutosha: anayepunguziwa ni nani, kwa kanuni ipi, na kanuni hiyo inahesabu nini.

Waya wa umeme una ukomo wa namna mbili unaomgusa mtumiaji wa kawaida. Wa kwanza ni joto. Mkondo unapoongezeka, waya hupata moto, hurefuka na kulegea kati ya mnara na mnara, na ukilegea kupita kiasi hukaribia miti iliyo chini yake. Usiku wa kuamkia Jumapili ya 28 Septemba 2003, muda mfupi baada ya saa tisa usiku, laini moja nchini Uswisi iliyokuwa ikipeleka umeme Italia ilirusha cheche kwenye mti na kujizima. Mzigo wake uligawanyika papo hapo kwenye laini zilizobaki, kwa sababu umeme hufuata njia zote zilizo wazi kwa kadiri ya ukinzani wa kila moja, bila kujali njia aliyoipenda mwendeshaji wa gridi wala ile waliyoandikiana muuzaji na mnunuzi kwenye mkataba. Dakika zipatazo 24 baadaye laini ya pili, iliyokuwa imebebeshwa kuliko uwezo wake, nayo ikatoka, na baada ya dakika chache karibu Italia nzima ikawa gizani, isipokuwa kisiwa cha Sardinia.

Kwa kuogopa balaa la namna hiyo, waendeshaji wa gridi duniani kote hufuata kanuni ya kuacha akiba. Laini haijazwi hadi mwisho. Hupakiwa kwa kiwango ambacho, jirani yake akianguka ghafla, itaweza kuupokea mzigo wa ziada bila kuzidiwa. Ndiyo maana mtaa fulani unaweza kukatiwa umeme ilhali vipimo vya chumba cha udhibiti vinaonyesha kwamba nyaya bado zina nafasi. Nafasi hiyo haikuwekwa itumike; ni bima ya nchi nzima, na anayekatwa ndiye anayeilipia bima hiyo kwa niaba ya wengine. Hapo ndipo suala la haki linapoanza, hata kabla hatujafika kwenye bei.

Ukomo wa pili ni volti, na huu wananchi huuona kwa macho. Nyumba iliyo karibu na transfoma hupata volti zake zote. Inayofuata hupata pungufu kidogo. Na ile ya nguzo ya mwisho, ikifika saa moja usiku, majirani wote wakiwa wamewasha taa, televisheni, pasi na majiko, taa zake hugeuka kuwa nyekundu, friji hunguruma bila kuwaka, na pampu ya maji hugoma. Mwenye nyumba hiyo hajatenda kosa lolote na hutumia umeme kidogo kuliko wote, lakini ndiye anayeonyeshwa kwanza kwamba laini imejaa. Jambo hilohilo hutokea kwa ukubwa wa nchi. Mikoa ya kaskazini mwa Tanzania na kaunti za magharibi mwa Kenya ziko mwisho wa laini ndefu zenye vyanzo vikubwa upande mmoja tu, kwa hiyo volti zake hushuka mapema na mwendeshaji hulazimika kuzipunguzia mzigo mapema.

Hali ya Kenya inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa inaonyesha jinsi upungufu na ziada vinavyoweza kukaa katika gridi moja, siku moja. Vyanzo vikubwa vya nchi hiyo viko upande wa Bonde la Ufa: mvuke wa joto la ardhini wa Olkaria karibu na Naivasha, upepo wa Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, na umeme wa Ethiopia unaoingia kwa laini ya kilovoti 500 yenye urefu unaozidi kilomita 1,000 hadi kituo cha Suswa. Mahitaji ya juu ya nchi yalipita megawati 2,300 mwaka 2025, na serikali imekiri hadharani kwamba saa za jioni baadhi ya maeneo, hasa ya magharibi, hukatiwa umeme ili mfumo usizidiwe. Kisha saa nne usiku inapita, watu wanalala, na upepo wa Loiyangalani, ambao kwa kawaida huvuma kwa nguvu zaidi usiku kuelekea alfajiri, unaanza kuzalisha kuliko kinachotakiwa. Mitambo hupunguzwa kasi, na visima vya mvuke huachwa vitoe mvuke angani bila kuzungusha chochote. Aliyekosa umeme saa mbili usiku na mtambo uliozimwa saa nane usiku ni wa gridi moja. Kilichokosekana ni njia iliyo pana kwa saa inayohitajika, pamoja na hifadhi ya kuuweka umeme wa usiku hadi jioni inayofuata.

Na gharama haipotei hewani. Mradi huo wa upepo wa Loiyangalani, uitwao wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulikuwa tayari kuzalisha tangu mwaka 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa ilikamilika Septemba 2018. Kwa muda wote huo mkataba uliitaka Kenya ilipie umeme ambao haukuwa na njia ya kusafiria, na mabilioni ya shilingi yaliyotokana na ucheleweshaji huo yakaishia kwenye bili za wateja. Hata leo, mwekezaji anapoambiwa apunguze uzalishaji kwa sababu gridi haiwezi kuupokea, mkataba wa namna hii humlipa kana kwamba alizalisha. Mfugaji aliye chini ya minara ya laini hiyo huko kaskazini hapati faida ya moja kwa moja, kwa kuwa kuushusha umeme wa kilovoti 400 hadi kiwango cha nyumbani kunahitaji kituo cha kupoza kinachogharimu fedha nyingi mno kwa kijiji kimoja. Sababu hiyo ni ya kweli kiufundi. Haimaanishi kwamba deni halipo: aliyetoa ardhi ipitishe nyaya za wengine anastahili kuhudumiwa kwa njia nyingine, iwe kwa gridi ndogo ya jua au kwa laini ya pembeni, na gharama hiyo ilipaswa kuandikwa kwenye mradi tangu mwanzo.

Sasa turudi kwenye mgao wenyewe. Chukua mfano mdogo wa kubuni, ili hesabu ionekane. Laini moja ina nyumba mbili tu, moja karibu na transfoma na nyingine mwishoni, umbali mara tatu. Kila kilowati inayotumiwa na nyumba ya karibu hushusha volti za mwisho wa laini kwa kipimo kimoja. Kila kilowati inayotumiwa na nyumba ya mbali huzishusha kwa vipimo vitatu, kwa sababu hupita kwenye waya mrefu mara tatu. Laini inavumilia jumla ya vipimo 12, na zaidi ya hapo volti huvuka mpaka unaokubalika. Nyumba zote mbili zinataka umeme mwingi kuliko uliopo. Tugaweje?

Mhandisi anayetaka kupitisha umeme mwingi kadiri inavyowezekana atampa wa karibu kilowati zote 12 na wa mbali sifuri. Laini imetumika vizuri kabisa, jumla ni kubwa kuliko jumla nyingine yoyote, na mtu mmoja yuko gizani. Anayetaka usawa kamili atampa kila mmoja kilowati tatu: wa karibu anatumia vipimo vitatu, wa mbali tisa, jumla 12. Hakuna aliyedhulumiwa mbele ya macho, lakini umeme uliopita ni kilowati sita tu, nusu ya ule wa kwanza. Kuna njia ya tatu, ambayo humpa wa karibu kilowati sita na wa mbali mbili. Jumla ni nane. Ukiitazama haraka inaonekana kama upendeleo kwa wa karibu. Ukihesabu vipimo vya volti utaona kwamba kila nyumba imetumia sita, nusu kwa nusu. Kinachogawiwa sawa hapa ni mzigo ambao kila mmoja anaubebesha mtandao. Wataalamu huiita haki ya uwiano, na sifa yake ni kwamba ukiuacha mgao huo na kwenda kwenye mgao mwingine wowote unaowezekana, asilimia wanazoongezewa waliopata haziwezi kuzidi asilimia wanazopunguziwa waliokosa. Ukihamia kwenye usawa kamili, kwa mfano, wa mbali anaongezewa asilimia 50 na wa karibu anapoteza asilimia 50.

Kanuni hii iliwekwa katika hisabati ya mitandao na mwanahisabati Frank Kelly wa Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na wenzake katika kazi yao ya mwaka 1998, na walioihitaji wakati huo walikuwa watu wa intaneti. Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo yaliyoachana kwa mita mia chache, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta, ikiona ujumbe wake haujafika, iliutuma tena, na kwa kufanya hivyo ilizidi kuijaza njia iliyokuwa imejaa. Tiba iliyoelezwa na Van Jacobson mwaka 1988 ilikuwa kuifundisha kila kompyuta ijipunguze yenyewe inapoona dalili za msongamano, kisha iongeze tena polepole. Hakuna hakimu aliyekaa katikati akigawa. Kelly alionyesha kwamba watumiaji wengi wanaojirekebisha hivyo, kila mmoja akijibu ishara ya msongamano kwenye njia anayoitumia, wanaweza kufika kwa pamoja kwenye mgao wenye kanuni inayoelezeka, na kwamba ishara hiyo inafanya kazi ya bei hata kama hakuna senti inayolipwa. Miaka kadhaa baadaye yeye na watafiti wengine waliupeleka mtazamo huo kwenye kuchaji magari ya umeme, wakionyesha kwamba ukishikilia kupitisha umeme mwingi tu, walio mbali na chanzo ndio wanaobaki kwenye foleni mtandao unapokaribia kujaa.

Mimi nashikilia msimamo ambao unachanganya kanuni hizo, na sioni sababu ya kuuficha. Kwa bodaboda za umeme zinazochajiwa usiku, kwa viwanda na kwa viyoyozi, haki ya uwiano ni kanuni nzuri: anayeubebesha mtandao mzigo mkubwa kwa kila uniti apate uniti chache, au azilipie zaidi. Kwa taa, simu, friji ndogo na pampu ya maji ya mtaa, kanuni iwe usawa, hata kama jumla ya umeme unaopita itapungua. Sababu yangu ni kwamba aliye mwisho wa laini hakujiweka hapo. Haikuwa familia ya Moshi wala ya Kakamega iliyoamua bwawa lijengwe Rufiji au mvuke uchimbwe Olkaria. Maamuzi hayo yalikuwa ya taifa, yenye sababu nzuri za kijiolojia na za maji, na taifa linapochagua mahali pa chanzo linachagua pia nani atakuwa mbali nacho. Bei ya uniti kwa mteja wa nyumbani ni moja nchi nzima, Tanzania na Kenya vilevile, kwa imani kwamba raia wote ni sawa. Lakini anayelipa bei hiyohiyo huku akikatiwa jioni hapati bidhaa hiyohiyo. Tofauti ya mahali tuliyoiondoa kwenye bei imerudi kupitia saa za giza.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mgao hufanywa nyumba kwa nyumba. Haufanywi hivyo. Chumba cha udhibiti kinapoamua kupunguza megawati kadhaa, kinachozimwa ni laini nzima ya usambazaji, ya kilovoti 11 au 33, yenye maelfu ya wateja, na swichi yake ikifunguliwa huzima mwenye jumba na mwenye chumba kimoja kwa pamoja. Laini zenye hospitali ya rufaa, mitambo ya kusukuma maji ya mji, kambi au ikulu huachwa, na hilo ni sawa kabisa. Tatizo ni kwamba hospitali haina laini yake peke yake kila mahali. Wanaokaa jirani nayo, maduka yaliyo barabarani mwake na ofisi zinazoizunguka huachwa pia, kwa bahati ya anwani tu. Na kwa kuwa taasisi kubwa ziko katikati ya miji, mzunguko wa kukatwa huwaangukia zaidi wa pembezoni, ambao laini zao hazina taasisi ya kuwakinga. Ratiba inaweza kuwa imeandikwa kwa uadilifu, kila laini saa zilezile, na bado ikawa si ya haki, kwa sababu kilichohesabiwa ni laini.

Hata saa zenyewe hazilingani. Saa nne za mchana kwa mwenye mashine ya kusaga au fundi wa kuchomelea ni siku ya kazi iliyopotea, ilhali kwa nyumba ambayo watu wote wako kazini na shuleni ni usumbufu mdogo. Saa nne za jioni ni kinyume chake. TANESCO ilipotangaza ratiba ya mgao mwaka 2023, malalamiko mengi niliyoyasikia hayakuhusu kukatwa bali kukatwa nje ya saa zilizotangazwa, maana mtu anaweza kujipanga na shida anayoijua. Ratiba inayoheshimiwa ni sehemu ya haki, na haihitaji hata nguzo moja mpya.

Afrika Kusini ilikwenda hatua ambayo inafaa kutufikirisha. Mbali na mgao wa kitaifa wenye madaraja yake, shirika la Eskom lilianzisha utaratibu mwingine wa kuzima maeneo fulani saa za asubuhi na jioni kwa hoja kwamba transfoma zake zinazidiwa na watu waliojiunganishia umeme kinyume cha sheria. Hoja hiyo si ya uongo: transfoma inayobeba kuliko uwezo wake hulipuka, na kuibadilisha huchukua muda. Ila maeneo yaliyoangukiwa zaidi ni vitongoji vya watu weusi maskini, na katika kila mtaa uliozimwa mlikuwamo familia zinazolipa kila mwezi, zikikaa gizani kwa kosa la mtu mwingine. Ukihesabu transfoma, uamuzi huo una mantiki. Ukihesabu kaya, ni adhabu ya pamoja.

Wachumi wengi watasema dawa ya yote haya ni bei: umeme uwe ghali saa za msongamano na rahisi saa za utulivu, kila mtu achague. Kenya imejaribu kwa sehemu. Tangu Desemba 2017 viwanda vinavyoongeza matumizi usiku vilianza kupewa punguzo la nusu kwa matumizi hayo ya ziada, na mwaka 2023 kukawekwa bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi nane saa za utulivu. Haya ni mambo mema. Yanatumia mvuke ambao ungepotea na yanaondoa mzigo jioni. Lakini bei humsaidia anayeweza kuhama. Kiwanda kinaweza kuongeza zamu ya usiku, mwenye pikipiki anaweza kuchaji saa saba usiku, mwenye paneli na betri anaweza kujitoa jioni nzima. Mama anayewapikia watoto saa moja usiku hawezi kuwalisha saa sita. Zaidi ya hayo, kila mteja mkubwa anayejitoa kwenye gridi kwa nishati yake ya jua huacha nyuma gharama za nguzo na transfoma ambazo hazipungui, na waliobaki ndio wanaozibeba.

Ndiyo maana nchi zetu zina bei ya mtumiaji mdogo. Tanzania humtoza shilingi 100 kwa uniti mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, wakati mteja wa kawaida hutozwa shilingi 292. Kenya ilikuwa na kiwango cha uniti 100, na tangu 2023 nafuu ya chini kabisa ni kwa asiyezidi uniti 30. Nia ni njema, ila tazama nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU, yaani ya kulipia kabla ya kutumia. Kila familia hutumia uniti kama 20 kwa taa, redio, televisheni na simu. Zote pamoja hufikisha 120. Mita haijui kwamba ndani yake mna familia sita. Inaona mteja mmoja mkubwa, na uniti zinazozidi 75 kwa mteja wa kundi hilo hutozwa shilingi 350, kisha mita ikiendelea kuzidi hutolewa kwenye kundi la nafuu. Mtu mmoja mwenye nyumba yake, mita yake na jiko la gesi, anayetumia uniti 60, analipa bei ya maskini. Wapangaji sita, ambao ndio waliokusudiwa, wanalipa bei ya mwenye uwezo, na mwisho wa mwezi wanagombana nani kawasha pasi. Kosa hapa si kiwango cha uniti 75, ambacho kinaweza kuwa sahihi. Kosa ni kuhesabu mita mahali ambapo tulikusudia kuhesabu watu.

Foleni nayo ni kanuni ya kugawa, na Uholanzi imegundua kwa gharama kubwa kwamba anayewahi si lazima awe anayestahili. Gridi yake imejaa kiasi kwamba zaidi ya wateja wakubwa 10,000 wamekuwa kwenye orodha ya kusubiri kuunganishwa, na kwa muda mrefu aliyeomba kwanza ndiye aliyehudumiwa kwanza, awe hospitali au ghala. Tangu Oktoba 2024 mamlaka ya udhibiti ya nchi hiyo imeruhusu vipaumbele: kwanza miradi inayopunguza msongamano wenyewe, kama betri kubwa, kisha usalama na huduma za afya ya dharura, kisha mahitaji ya msingi kama maji, shule na makazi. Ninachokipenda katika utaratibu huo ni kwamba umeandikwa na umetangazwa, na mwenye ghala aliyerudishwa nyuma anajua amerudishwa na kanuni gani na anaweza kuipinga. Huku kwetu vipaumbele vipo pia. Vimo vichwani mwa watu na kwenye madaftari ya vituo, navyo hubadilika simu ikipigwa.

Wadhibiti wetu, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, wana takwimu za kukatika kwa umeme, na kipimo kinachotajwa zaidi ni wastani: saa zote za kukatika zikigawanywa kwa wateja wote. Wastani huo unaweza kushuka mwaka hadi mwaka wakati wilaya moja inazidi kuumia, kwa sababu mafanikio ya jiji lenye wateja wengi huyazamisha maumivu ya mji mdogo wenye wateja wachache. Kama takwimu hizo zingetolewa kwa kila laini ya usambazaji, zikionyesha saa zilizokatwa, wakati wa siku na sababu, mbunge, diwani au mwandishi wa habari angeweza kuona kwa jioni moja laini zilezile zikirudiwa. Taarifa hizo hazihitaji kutafutwa upya. Kila swichi inapofunguliwa kituoni, tukio huandikwa.

Teknolojia inayokuja italifanya swali hili kuwa kali zaidi. Mwaka 2023 Eskom ilifanya majaribio katika eneo la Fourways, Johannesburg, kwa kutumia mita zinazodhibitiwa kutoka mbali. Badala ya kuizima laini nzima wakati wa mgao, mita za wateja zilipunguzwa zipitishe ampia 10 tu, yaani takriban kilowati 2.3: taa, friji, intaneti na televisheni viliendelea, ila jiko na hita ya maji havikuweza kuwashwa pamoja navyo. Aliyezidisha alikatwa kwa muda, akapunguza vifaa, akarudishiwa. Ni usawa wa kilowati tatu kwa tatu wa ule mfano wetu, ukifanywa kwa kompyuta, na kwa maoni yangu ni bora mara nyingi kuliko giza la zamu. Mita za namna hiyo zikifika kwenye nyumba ile ya vyumba sita, ampia 10 zitagawanywa kwa familia sita, na nyumba ya jirani yenye mtu mmoja itapata ampia 10 zake zote. Kabla ya mita hizo kununuliwa kwa wingi, mamlaka za udhibiti zinapaswa kuamua kama kila chumba cha kupanga kitapata mita yake, gharama hiyo ataibeba nani, au kama kikomo cha ampia kitapandishwa kwa idadi ya kaya zilizosajiliwa nyuma ya mita.